Mume, Mke na Wauaji: Riwaya Ambayo Isiolo Bado Inaisubiri

Jioni ya tarehe 3 Januari 1980, Joy Adamson alitoka kambini kwake katika hifadhi ya Shaba, mashariki ya Archer's Post, kwenda matembezi yake ya kila siku. Hakurudi. Alipokutwa njiani amelala katika damu, jambo la kwanza kusemwa lilikuwa kwamba ameuawa na simba, na habari hiyo ikaenea duniani kabla ya mwili kuchunguzwa vizuri. Watu waliikubali upesi kwa sababu ilifanana na hadithi: mwanamke aliyepata jina kwa kumlea Elsa, simba jike aliyekulia Isiolo, naye amalizwe na simba. Madaktari walipouchunguza mwili waliona majeraha ya silaha yenye makali. Msako wa simba ukawa msako wa mtu.

Miaka tisa na nusu baadaye, tarehe 20 Agosti 1989, ikawa zamu ya mumewe. George Adamson alikuwa na umri wa miaka 83, akiishi na simba wake huko Kora, kando ya mto Tana. Majambazi wenye bunduki walimvamia mgeni wake karibu na kambi. Mzee aliposikia milio alipanda Land Rover pamoja na wafanyakazi wake, akaielekeza moja kwa moja kwa wenye bunduki. Mgeni alipona. George aliuawa, na wafanyakazi wawili wakauawa pamoja naye. Mwezi mmoja tu ulikuwa umepita tangu Rais Moi achome tani 12 za pembe za ndovu jijini Nairobi, na vita vya serikali na majangili vilikuwa vimepamba moto.

Wawili hao walioana mwaka 1944. George alikuwa afisa wa wanyamapori wa eneo la mpaka wa kaskazini, makao yake yakiwa Isiolo, na hapo ndipo Elsa alipoletwa mwaka 1956, akiwa bado mchanga, baada ya George kumpiga risasi mama yake aliyemshambulia. Mke na mume, kila mmoja akaishia mikononi mwa wauaji, katika nchi ileile kavu, kwa visa viwili visivyohusiana. Mtunzi wa riwaya za kusisimua akipewa kisa hiki hawezi kukosa la kuandika. Lakini kila ninapokisoma, jicho langu huenda kwa watu wengine. Huenda kwa wafanyakazi wawili wa Kora, ambao masimulizi mengi huwataja kwa idadi tu. Huenda pia kwa kijana Mturkana aliyewahi kuajiriwa katika kambi ya Shaba, ambaye mwaka 1981 alipatikana na hatia ya kumuua Joy. Jaji aliona kwamba huenda hakuwa ametimiza umri wa mtu mzima siku ya mauaji, kwa hiyo hakuhukumiwa kunyongwa. Akafungwa bila kikomo cha muda. Kesi ilizungumzwa ulimwenguni kama habari ya Joy. Kisa cha kijana huyo, pamoja na ajira yake na kufukuzwa kwake kazi, kilibaki pembeni.

Hapo ndipo linapotoka swali ninalotaka kulichambua. Riwaya ya mume na mke wa kawaida wanaowindwa na wauaji ni mojawapo ya aina zinazopendwa sana duniani. Kwetu ina sura gani, na kwa nini Isiolo, mahali penye visa vya kuijaza mara kumi, hapajaipata kwa Kiswahili? Dai langu ni hili: hadithi ya kuwindwa husimama au huanguka kwa swali moja tu, yaani wawili hawa watamkimbilia nani. Isiolo ni mahali ambapo swali hilo lina majibu mengi, na kila jibu lina gharama yake.

Riwaya ya uhalifu ya Kiswahili ilizaliwa mikononi mwa mpelelezi. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alitwaa ushindi katika shindano la uandishi la 1957 na 1958 kwa *Mzimu wa Watu wa Kale*, kilichochapishwa mwaka 1960, akatupa Bwana Msa na kiko chake pamoja na rafiki yake Najum. Faraji Katalambulla akafuata na *Simu ya Kifo* mwaka 1965. Elvis Musiba akamtuma jasusi Willy Gamba kazini tangu *Kufa na Kupona* ya 1974, kisha Ben Mtobwa akaja na Joram Kiango. Vitabu hivi vilipita mkono kwa mkono mabwenini na kwenye mabasi hadi majalada yakang'oka, na sina neno baya juu yake. Lakini ndani yake aliyeuawa mara nyingi huwa ameshakufa tunapowasili. Kinachotushika ni akili ya anayetafuta. Hofu ya anayetafutwa, kulala na viatu miguuni, kuzima taa mapema, kumfunza mtoto asiitike akiitwa na sauti asiyoijua, hayo hayapati nafasi kubwa.

Mtobwa ndiye aliyekaribia zaidi. Joram ana Nuru, mwanamke anayempenda na anayeingia naye hatarini, na kichwa cha *Tutarudi na Roho Zetu?* kinauliza hasa kile ambacho watu wanaowindwa hujiuliza. Tofauti ni kwamba Joram na Nuru wana ujuzi wa kazi hiyo. Msomaji anageuza kurasa akijua kuna hila iliyofichwa mahali. Mwalimu wa shule ya msingi na mkewe hawana hila iliyofichwa. Kenya nayo imetoa *Kidagaa Kimemwozea* cha Ken Walibora, mwaka 2012, ambamo Amani na Imani, vijana wasio na mtu wala mali, wanaponzwa na uovu wa mkubwa wa mahali pao hadi kusingiziwa kifo cha mtoto na kutiwa ndani. Uzito wa wanyonge wawili mbele ya mwenye nguvu umo humo. Kilichokosekana ni mwendo wa riwaya ya kusisimua, ule wa saa zinazohesabika.

Nje ya mipaka yetu mfano ninaoupenda ni wa Cormac McCarthy. Katika *No Country for Old Men*, cha mwaka 2005, fundi wa kulehemu huko Texas anakuta fedha za wauza mihadarati jangwani, anazichukua, na tangu hapo yeye na mkewe wanawindwa na muuaji asiye na haraka. Sherifu ni mtu mwema, na kila anapofika amechelewa. Mume anauawa, kisha mke aliyefuatwa ingawa hakugusa hata noti moja. Mpaka, ukame, barabara ndefu, bunduki zinazovuka usiku, askari mwema anayechelewa: msomaji wa Isiolo hahitaji kuelezwa.

Halafu kuna *The Constant Gardener* cha John le Carré, cha mwaka 2001, ambacho kimepita karibu nasi zaidi. Tessa Quayle anauawa kando ya Ziwa Turkana kwa sababu amegundua ukweli kuhusu majaribio ya dawa, na mumewe Justin, mwanadiplomasia mpole wa Kiingereza, anafuata nyayo zake hadi naye anafia hukohuko. Filamu yake ya 2005 ilipigwa Kibera na Loiyangalani, na Rachel Weisz akapata Oscar. Ni kazi yenye hasira ya haki, na inawahesabu Waafrika wanaofanyiwa majaribio kama watu waliodhulumiwa. Hata hivyo dereva Mwafrika aliyekuwa na Tessa naye anauawa, na hadithi inampita haraka kama masimulizi ya Kora yanavyowapita wafanyakazi wa George. Kaskazini ya Kenya imekuwa jukwaa la vifo vya wageni mashuhuri, huku wenyeji wakiwa madereva, wapishi na washukiwa.

Ndiyo maana neno "wa kawaida" lina uzito. Tuwabuni basi wawili: mwalimu Mmeru wa shule ya msingi, na mkewe Mborana anayefanya biashara ya maziwa ya ngamia mjini Isiolo. Biashara hiyo naitaja kwa makusudi. Maziwa hutoka kwa wafugaji huko mbali, katika mitungi ya plastiki iliyofukizwa kwa moshi wa kuni ili yasiharibike upesi, yanapokelewa mjini na akina mama, yanaonjwa, yanapoozwa na kupakiwa mabasi ya kwenda Eastleigh, Nairobi. Mama wa maziwa anajua nani amehamia wapi, malisho yako upande gani, gari la nani limekwama. Anajua pia alama za mifugo. Asubuhi moja kabla ya jua, akiwa kando ya barabara anasubiri mitungi yake, lori linapunguza mwendo kwenye tuta na mwanga wa taa za gari la nyuma unaangukia ubavu wa ng'ombe. Alama ile ya moto ni ya familia iliyovamiwa siku tatu zilizopita, na watu wawili walizikwa. Katika kibanda cha mbele cha lori ameketi mtu anayemfahamu, mtu wa heshima, ambaye naye amemwona.

Hakuna mkoba wa fedha wala hati za siri. Ameona alama na uso, basi. Wizi wa mifugo siku hizi una malori, wanunuzi mjini na simu za kuelekezana, na mwenye kuona ng'ombe wa wizi katika lori ameona biashara nzima. Usiku ule atamwambia mumewe, "Baba Halima, leo nimeona kitu," na kuanzia hapo riwaya ina watu wawili wanaopaswa kukubaliana. Mwindwa peke yake hukimbia tu. Wanandoa hulazimika kuamua, na katika kuamua ndipo ndoa inapoonekana ilivyo. Mume anataka kwenda polisi. Mke anamuuliza polisi gani.

Swali la mke lina historia nyuma yake. Tarehe 28 Juni 1963, Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa kwa risasi njiani pamoja na chifu mashuhuri wa Waborana, Haji Galma Dido, wakati suala la eneo hili kujiunga na Somalia lilipokuwa limechemka. Mtaa wa Nairobi na kata ya mjini Isiolo vina jina lake hadi leo. Vita vya shifta, kati ya serikali na waliotaka kujitenga, vilifuata, vikadumu hadi 1967. Serikali iliwakusanya wafugaji wa Isiolo katika vijiji vyenye ulinzi, mifugo ikafa na mingine kuuawa, na kizazi kizima kikaanza upya bila kitu. Mwaka 1970 Bunge likapitisha sheria ya kuwakinga maafisa na askari wasishtakiwe kwa waliyoyatenda wakati ule, na Isiolo ni miongoni mwa wilaya zilizotajwa kwa jina. Kwa hiyo mama yetu wa maziwa amelelewa na bibi aliyeiona serikali ikiwinda. Anapokawia kuingia kituoni, msomaji asimwone mjinga.

Ni kweli pia kwamba polisi wa leo si wa 1965, na riwaya ya haki itampa msomaji askari mmoja anayejaribu. Lakini Wakenya hatuhitaji kurudi miaka sitini nyuma kupata sababu ya hofu. Juni 2016 wakili Willie Kimani, mteja wake aliyekuwa mwendesha bodaboda, na dereva wao wa teksi walitekwa baada ya kutoka mahakamani Mavoko, wakauawa. Kosa la mteja lilikuwa kulalamika kwamba askari amempiga risasi. Mwaka 2022 mahakama iliwatia hatiani watu wanne, watatu wao wakiwa maafisa wa polisi. Kisa hicho ni riwaya ya kuwindwa kamili, na kimetokea kando ya barabara kuu ya Mombasa, mwendo mfupi kutoka jiji kuu.

Tuseme basi wanaamua kukimbia. Isiolo ina njia tatu kubwa. Ya kusini inapanda kwenda Meru na Nanyuki, ambako mume ana ndugu. Ya kaskazini inapita Archer's Post na Marsabit hadi Moyale, karibu kilomita 500. Kabla ya lami kukamilika katika miaka ya 2010, magari yalikuwa yakisubiri kwenye kizuizi cha polisi mjini ili yaondoke kwa msafara wenye askari. Ya mashariki inakwenda Garba Tulla na Modogashe, kwa ndugu wa mke. Hapa ndoa ya makabila mawili inakuwa mtego. Kwa wakwe wa Meru mke ni mgeni anayetajwa kila anapochota maji. Kwa Waborana mume anapokewa, anachinjiwa mbuzi, analindwa kwa heshima zote, na kufikia jioni manyatta kumi zinajua kuwa mwalimu Mmeru amefika. Penye usalama kwa mmoja, mwingine anaonekana kutoka mbali.

Simu imewaharibia kazi waandishi wengi wa riwaya za aina hii, kwa kuwa mtu aliye hatarini anaweza kupiga simu tu. Isiolo inawarudishia kazi yao. Kaunti ina zaidi ya kilomita za mraba 25,000, na sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002; ukishaiacha barabara kuu unaweza kwenda saa nzima bila mtandao. Na pale mtandao unapopatikana, simu inamsaliti mwenye kukimbia. Fedha zilizotumwa kwa M-Pesa zikitolewa, wakala anaona jina. Mama wa maziwa ana wateja mia moja wenye namba yake, na kuizima ni kutangaza kwamba ana sababu ya kuizima.

Kuna mlango mwingine ambao riwaya za Ulaya hazina, nao ni wazee. Mwaka 2001 viongozi wa jamii za kaskazini walikubaliana Modogashe namna ya kuzuia wizi wa mifugo na kulipana damu: mtu mume akiuawa, ng'ombe au ngamia 100, mwanamke, 50. Makubaliano hayo yamezuia visasi vingi, na anayeyadharau hajaona kijiji kikisubiri kulipiziwa kisasi. Lakini yaweke ndani ya hadithi yetu. Wawindaji wakipiga hesabu, mke ndiye shahidi na mke ndiye nusu ya bei. Mume akijua hivyo atalala vipi? Na ikiwa mzee anayeongoza kikao ni mjomba wa yule aliyeketi mbele ya lori, maslaha, yaani suluhu ya wazee, yatamtaka mama anyamaze kwa ajili ya amani ya wote, na wanaomtaka anyamaze watakuwa watu wanaompenda. Sijui mwandishi wa Los Angeles angepata wapi tukio zito kama hilo.

Kuhusu wauaji wenyewe, kesi halisi za huku zinatufunza kutomwamini mshukiwa wa kwanza. Kifo cha Joy kiliwekwa juu ya simba. Mwaka 1988, Julie Ward, Mwingereza kijana, alipouawa Maasai Mara, wanyama walilaumiwa tena, na maneno ya ripoti ya daktari yakabadilishwa ili mifupa iliyokatwa ionekane imeraruliwa; baba yake alipigania ukweli kwa miaka mingi, lakini waliofikishwa mahakamani waliachiliwa. Julai 2005 Askofu Luigi Locati alipigwa risasi usiku mjini Isiolo. Ilikuwa rahisi kufikiria majambazi, au ugomvi wa dini katika mji wenye misikiti na makanisa. Mahakama hatimaye ilimtia hatiani padri wa jimbo lake mwenyewe pamoja na wenzake. Muuaji alitoka ndani ya nyumba. Kwa hiyo mwandishi akitaka kuitendea haki Isiolo, asimlete jambazi mwenye kilemba usoni kutoka porini kana kwamba pori ndilo linaloua. Mtu wa mbele ya lori anaswali au anasali na jirani zake, anachangia harambee, na anaweza kuwa amelipa karo ya mtoto wa mama huyohuyo. Hofu ya kweli imo katika kumwamkia kila asubuhi.

Yvonne Adhiambo Owuor amekwisha kuonyesha, katika *Dust* cha 2013, kwamba kaskazini inaweza kubeba riwaya kubwa inayoanza na mtu akiwindwa na kuuawa katika mitaa ya Nairobi. Kiliandikwa kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili faida moja ni ya wazi: mjini Isiolo ndiyo lugha ambayo Mborana, Mturkana, Msamburu, Mmeru na Msomali wanazungumza wakikutana sokoni, na kwa hiyo ndiyo lugha ambayo tetesi huvuka kutoka jamii moja hadi nyingine. Anayewindwa Isiolo atasikia kwa Kiswahili kwamba anatafutwa.

Linabaki suala la namna ya kuimaliza. Mpelelezi humaliza kwa kumfunua muuaji. Wawili wetu, wakiwa hai, watamalizia mahakamani, na huko ndiko hatari inakozidi, kwa maana wawindaji sasa wanajua siku na saa watakapopita. Kenya ina Sheria ya Kulinda Mashahidi ya mwaka 2006, na wakala wake anaweza kumhamisha shahidi na kumpa utambulisho mpya. Kwa mtumishi wa benki jijini hilo ni jambo gumu. Kwa Mborana, ambaye jina lake linafuatwa na la baba na la babu, na ambaye ngamia wa familia hawawezi kuhamishiwa ghorofa ya tatu katika mji asioujua, ni kukubali kwamba hatasalimiwa tena na mtu anayejua yeye ni wa nani. Mwalimu ataomba shule nyingine. Mke atalazimika kuchagua kati ya kutoa ushahidi na kuendelea kuwa binti wa watu wake, na mtoto wao Halima atauliza kwa nini ameitwa jina jingine kwenye rejista. Kwangu sura hiyo, baada ya mbio zote, ndiyo ambayo riwaya inapaswa kuipa kurasa nyingi kuliko nyingine yoyote.